Kingamwili za shabaha mbili: Jinsi kemia inavyounda dawa mpya za saratani, na maana yake kwa wagonjwa wa Kisii na Nyamira

KATIKA soko la Daraja Mbili mjini Kisii, muuzaji wa viatu vya mitumba huwa na kazi moja kabla ya kuanza kunadi bidhaa zake: kutafuta jozi. Kiatu cha kushoto kisichopata mwenzake wa kulia hakina bei, hata kiwe kipya namna gani.

Kwa zaidi ya miaka 60 sasa, wanakemia wamekuwa na kazi inayofanana na hiyo, ila wao huifanya kinyume. Huchukua nusu mbili za molekuli zisizofanana, wakajaribu kuziunganisha ziwe kitu kimoja, huku wakizizuia zinazofanana zisirudiane.

Zao la kazi hiyo ni dawa ziitwazo kingamwili za shabaha mbili. Dawa hizi zimebadilisha tiba ya baadhi ya saratani za damu, saratani ya mapafu na hata ugonjwa wa hemofilia katika nchi zenye uwezo.

Kwa wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira, ambao kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019 walikuwa 1,266,860 na 605,576 mtawalia, habari hizi zaweza kuonekana kuwa za mbali. La hasha. Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa zaidi ya Wakenya 44,000 hupatikana na saratani kila mwaka, na zaidi ya 29,000 hufariki kutokana nayo. Jirani ya Nyamira, Kaunti ya Bomet, inajulikana na watafiti duniani kwa wingi wa saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula.

Makala haya yanaeleza dawa hizi ni nini, zinavyoundwa kwa njia za kemia, kwa nini ni ghali, na mambo ambayo mgonjwa au jamaa yake anafaa kuyajua kabla ya kuuza shamba au ng'ombe ili kuzitafuta.

Kingamwili ni nini?

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kuwatambua adui kama vile bakteria na virusi. Umbo la kingamwili ya kawaida ni mithili ya panda ya manati: shina moja lenye mikono miwili.

Molekuli hiyo imesukwa kwa minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi. Minyororo hiyo hushikanishwa na vifungo vya salfa. Vifungo hivi ndivyo msingi wa karibu kila mbinu itakayoelezwa hapa, kwa kuwa mwanakemia akijua kuvifungua na kuvifunga, anaweza kuivunja kingamwili na kuijenga upya.

Mikono miwili ya kingamwili ya kawaida hufanana kabisa. Kila mmoja hushika kitu kile kile, kwa mfano sehemu fulani ya kirusi cha surua. Shina nalo huita askari wengine wa mwili, na pia huifanya kingamwili ikae katika damu kwa siku nyingi badala ya saa chache.

Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi mjini Cambridge, Uingereza, waligundua njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja tu katika maabara. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1984, wakishirikiana na Niels Jerne. Trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti ambayo wengi nchini huijua kwa jina la Herceptin, ni tunda la ugunduzi huo.

Kwa nini shabaha mbili?

Saratani ni adui aliye ndani ya nyumba. Seli zake zimetokana na mwili wenyewe, na mara nyingi askari wakali wa mwili, ambao huitwa seli T, huzipita bila kuzigusa.

Wataalamu waliwaza hivi: je, kama mkono mmoja wa kingamwili ungeishika seli ya saratani, na mkono wa pili ukamshika seli T? Askari na mhalifu wangekutanishwa ana kwa ana. Mwaka wa 1985, Uwe Staerz, Osami Kanagawa na Michael Bevan walionyesha kuwa jambo hilo lawezekana. Kingamwili mbili walizoziunganisha kwa kemikali ziliweza kuzielekeza seli T zishambulie seli walizozichagua wao.

Kuna matumizi mengine. Dawa iitwayo emicizumab haiui seli yoyote. Hushika protini mbili za damu, zile ambazo wataalamu huziita faktari ya tisa na ya kumi, na kuzikaribisha pamoja ili damu igande. Kwa njia hiyo huifanya kazi ya faktari ya nane, ambayo mwenye hemofilia A amezaliwa na upungufu wake.

Nyingine hufunga milango miwili ambayo uvimbe huitumia kukua, hivi kwamba saratani ikizuiwa mlango mmoja isipate kupitia wa pili.

Papai na tumbo la nguruwe

Mpishi yeyote anajua kuwa nyama ngumu ikipakwa utomvu wa papai bichi hulainika. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukatakata protini. Utomvu huo umekuwa bidhaa ya biashara Afrika Mashariki na ya Kati kwa miaka mingi, na eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, linajulikana kwa biashara hiyo hadi leo.

Mwaka wa 1959 jijini London, Rodney Porter alitumia papaini kuikata kingamwili ya sungura. Alipata vipande vitatu: mikono miwili iliyotengana, na shina. Kazi hiyo, pamoja na ile ya Gerald Edelman wa Marekani aliyetenganisha minyororo ya kingamwili, iliwapa wawili hao Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1972.

Katika kipindi hicho hicho, Alfred Nisonoff na wenzake mjini Buffalo, Marekani, walitumia kimeng'enya kingine, pepsini, ambacho hupatikana katika tumbo la nguruwe. Pepsini haikati mahali pale pale. Huondoa shina na kuiacha mikono miwili ikiwa bado imeshikana kwa kifungo cha salfa.

Hapo Nisonoff akapata wazo. Alikifungua kifungo hicho kwa kemikali, akapata mikono mmoja mmoja. Kisha alichanganya mikono kutoka kwa kingamwili mbili tofauti, akairuhusu ifungamane tena. Baadhi ya mikono ilikutana na migeni. Mwaka wa 1961, ulimwengu ulipata habari za kingamwili ya kwanza yenye shabaha mbili iliyoundwa na mwanadamu, na iliundwa kwa kemia tupu.

Bahati ilikuwa upande wake. Kingamwili ya sungura ina kifungo kimoja tu cha salfa kati ya minyororo mizito. Kingamwili za panya na za binadamu zina vifungo zaidi ya kimoja mahali hapo, na hilo lilikuja kuwasumbua waliomfuata.

Hesabu ya jozi

Tatizo kubwa la mbinu ya Nisonoff ni lile la soko la viatu. Ukichanganya nusu za aina ya kwanza na nusu za aina ya pili kwa kiasi sawa, na ukaziacha zijishikie zenyewe, robo itakuwa ya kwanza kwa ya kwanza, robo itakuwa ya pili kwa ya pili, na nusu tu ndiyo itakayokuwa mchanganyiko unaotakiwa.

Mambo huwa mabaya zaidi pale minyororo yote minne inapotengenezwa ndani ya seli moja. Mwaka wa 1983, Milstein na Claudio Cuello walichanganya seli mbili zinazotoa kingamwili ili ziwe seli moja. Seli hiyo ilitoa minyororo miwili mizito ya aina tofauti na miwili myepesi ya aina tofauti. Kihesabu, minyororo hiyo yaweza kuungana kwa namna 10, na namna moja tu ndiyo sahihi. Ikiwa muungano ni wa kubahatisha, zao sahihi ni sehemu moja kati ya nane.

Sehemu saba zilizosalia si takataka tu. Zinafanana mno na dawa yenyewe kwa uzito na kwa umbo, na kuzitenga ni kazi ngumu na ya gharama. Hapa ndipo mtu aanze kuelewa bei ya dawa hizi. Historia nzima ya kingamwili za shabaha mbili ni historia ya kuishinda hesabu hiyo.

Mbinu ya kwanza: Kufungua na kufunga kwa zamu

Mwaka wa 1985, Maureen Brennan na wenzake walitoa suluhisho la kikemia. Walianza kama Nisonoff, kwa pepsini, lakini walipovifungua vifungo vya salfa waliongeza kemikali ya aseniti. Kazi yake ilikuwa kuzishikilia salfa jirani katika mkono mmoja ili zisije zikafungamana zenyewe kwa zenyewe.

Kisha walizifunika salfa za nusu zote kwa kemikali inayojulikana katika maabara kama kitendanishi cha Ellman. Nusu za upande mmoja zikafunuliwa tena, za upande wa pili zikaachwa zimefunikwa. Salfa iliyo wazi ikikutana na iliyofunikwa, huondoa kifuniko na kuchukua nafasi yake.

Faida ni dhahiri. Nusu mbili zilizofunikwa haziwezi kuungana, na zilizo wazi zina mvuto mkubwa zaidi kwa zilizofunikwa. Jozi za wageni huwa nyingi kuliko ilivyo kwa bahati nasibu.

Udhaifu wake ni kwamba muungano wa salfa kwa salfa waweza kufunguka tena mwilini. Aidha, aseniti ni sumu, na dawa haina budi kusafishwa hadi isibaki hata chembe yenye madhara.

Mbinu ya pili: Gundi za kemikali

Mwaka wa 1987, Martin Glennie na wenzake wa Southampton, Uingereza, walitumia molekuli yenye ncha mbili za aina iitwayo maleimidi. Ncha ya kwanza hushika salfa ya nusu moja, ya pili hushika salfa ya nusu nyingine. Kifungo kinachopatikana si cha salfa kwa salfa, bali cha salfa kwa kaboni, na hicho hakifunguki kwa urahisi.

Wengine hawakuivunja kingamwili hata kidogo. Walichukua kingamwili mbili nzima na kuziunganisha kupitia asidi amino iitwayo laisini. Njia hii ni rahisi na ya haraka, na yaweza kutumiwa katika maabara isiyo na mitambo mingi.

Hata hivyo, kingamwili moja ina laisini 80 na zaidi, na gundi haichagui. Yaweza kunasa kwenye shina au kwenye kiganja kile kile kinachotakiwa kushika shabaha. Isitoshe, kingamwili tatu au nne zaweza kuganda pamoja. Kila chungu kinachopikwa hutoka na mchanganyiko wake, na mamlaka za dawa hazipendi bidhaa inayobadilika kila mara.

Licha ya hayo, dawa za namna hii zilifika kwa wagonjwa. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Medarex ya Marekani iliijaribu MDX-210, iliyoundwa kwa kuunganisha vipande viwili kwa kemikali, kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Baadaye Lawrence Lum na wenzake walizitoa seli T za mgonjwa, wakazizalisha kwa wingi, wakazivisha kingamwili mbili zilizogundishwa, na kuzirudisha mwilini. Hakuna kati ya hizo iliyofika kwenye rafu za maduka ya dawa, lakini zilifunza mengi.

Mbinu ya tatu: Kubadilishana nusu

Mwaka wa 2007, watafiti wa Uholanzi walitangaza jambo lililoshangaza wengi. Kundi moja la kingamwili za binadamu, liitwalo IgG4, hubadilishana nusu lenyewe kwa lenyewe ndani ya damu. Maumbile yalikuwa yakiifanya kazi ya Nisonoff tangu jadi.

Kampuni ya Genmab iliiga tabia hiyo. Katika mbinu iliyoelezwa mwaka wa 2013, kingamwili mbili hutengenezwa kila moja peke yake, zikiwa zimebadilishwa asidi amino moja moja mahali ambapo minyororo mizito hugusana. Kisha huchanganywa na kemikali laini inayofungua vifungo vya salfa vya katikati bila kuvuruga vingine.

Mabadiliko yale yamechaguliwa ili nusu zinazofanana zisipendane sana, na zisizofanana zishikane kwa nguvu. Kemikali inapoondolewa, vifungo hujifunga upya. Zaidi ya asilimia 95 ya zao huwa jozi inayotakiwa. Linganisha na sehemu moja kwa nane ya mwaka wa 1983.

Mbinu hii ndiyo iliyoipa dunia dawa kama amivantamab na teclistamab. Kwa hivyo, wale wanaodai kuwa uhandisi wa jeni uliizika kemia wanakosea. Hapa jeni huandaa nusu, na kemia huzifungisha ndoa.

Mbinu ya nne: Daraja na kliki

Mbinu za karibuni zinalenga usahihi. Katika Chuo Kikuu cha London, kile kiitwacho UCL, wanakemia wameunda molekuli ndogo zinazoingia kati ya salfa mbili zilizofunguliwa na kuziunganisha tena kama daraja juu ya mto. Umbo la kingamwili halipotei, na daraja lenyewe hubeba ndoana ya kushikia kitu kingine.

Ndoana hizo hutumia kemia ya kliki, ambayo iliwapa Carolyn Bertozzi, Morten Meldal na Barry Sharpless Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka wa 2022. Kundi moja la atomi hubandikwa kwenye kipande cha kwanza, na mwenzake kwenye kipande cha pili. Mawili hayo hayajishughulishi na kitu kingine chochote majini wala mwilini. Yakikutana, hufungana.

Mwaka wa 2012, maabara ya Peter Schultz huko California ilikwenda hatua nyingine. Iliingiza katika mikono ya kingamwili asidi amino ambayo haimo katika maumbile ya kawaida, mahali pamoja palipochaguliwa, kisha ikaiunganisha mikono hiyo kwa kemia. Mjenzi aliweza kuamua sio tu nani aungane na nani, bali pia wapi hasa.

Nguvu ya mbinu hizi ni wepesi wa majaribio. Mtafiti mwenye kingamwili 10 zilizokwisha kutengenezwa anaweza kuziunganisha mbili mbili kwa kila namna na kuona zipi zinafaa, bila kuunda seli mpya kwa kila jozi.

Uhandisi wa jeni

Sambamba na kemia, wahandisi wa jeni walikuwa na njia zao. Mwaka wa 1996, watafiti wa kampuni ya Genentech walichonga kinundu katika mnyororo mzito mmoja na tundu katika wa pili, ili viingiane. Fundi wa Tabaka anayechonga mawe ya sabuni angelielewa wazo hilo bila kuelezwa mara mbili.

Wengine waliondoa shina kabisa na kushona vipande viwili vya kushikia kwa uzi mmoja wa protini. Blinatumomab iliundwa hivyo. Ni ndogo, takriban theluthi moja ya kingamwili ya kawaida, na kwa sababu haina shina hutoka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana ilipoidhinishwa iliagizwa itiwe kwa mshipa mfululizo, usiku na mchana, kwa siku 28.

Dawa zilizofika hospitalini

Zifuatazo ni baadhi ya dawa za shabaha mbili zilizoidhinishwa, na mwaka wa idhini:

Catumaxomab (Ulaya, 2009): kwa maji yanayojaa tumboni kutokana na saratani. Iliondolewa sokoni mwaka wa 2017 kwa sababu za kibiashara, na kupata idhini mpya Ulaya mwaka wa 2025.

Blinatumomab (Marekani, 2014): kwa aina fulani ya saratani ya damu.

Emicizumab (Marekani, 2017): kwa hemofilia A. Hudungwa chini ya ngozi.

Amivantamab (Marekani, 2021): kwa aina fulani ya saratani ya mapafu.

Cadonilimab (Uchina, 2022): kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au kuenea.

Teclistamab (Marekani, 2022): kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma.

Cadonilimab inafaa kuangaliwa kwa makini na Wakenya, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba saratani hiyo huzuilika kwa chanjo ya HPV, ambayo ilianza kutolewa kote nchini kwa wasichana mwaka wa 2019, na kwa kupimwa mapema. Chanjo ni nafuu kuliko dawa yoyote iliyotajwa hapa.

Madhara

Kumkutanisha seli T na seli ya saratani ni kuwasha moto. Mara nyingine moto huo hupita mpaka. Askari wa mwili humwaga kemikali za kuitana kwa wingi, na mgonjwa hupatwa na homa kali, shinikizo la damu kushuka na shida ya kupumua. Wataalamu huiita dhoruba ya saitokini.

Kwa sababu hiyo, dawa nyingi za kundi hili huanza kwa dozi ndogo ambayo huongezwa hatua kwa hatua, na mgonjwa huchungwa hospitalini katika siku za mwanzo. Ipo dawa ya kuituliza dhoruba hiyo, tocilizumab, ambayo yenyewe ni kingamwili. Hospitali isiyo na dawa hiyo wala chumba cha wagonjwa mahututi haifai kuanzisha tiba ya namna hii.

Mwili pia hudhoofika katika kupambana na maradhi ya kawaida. Mahali ambapo kifua kikuu na malaria vipo, hilo si jambo dogo.

Barabara, barafu na bei

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ilianza mwaka wa 1916 kuwahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Leo ndiyo tegemeo la eneo zima la Gusii na kaunti jirani. Hata hivyo, kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka Nyamira, Keroka au Ogembo wamelazimika kusafiri hadi Eldoret, au Nairobi iliyo umbali wa takriban kilomita 300, kutafuta tiba ya mnururisho na dawa za kisasa.

Kingamwili huongeza mzigo wa aina nyingine. Ni protini, na protini huharibika kama maziwa. Sharti zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, tangu kiwandani hadi kitandani mwa mgonjwa. Zikiganda kwa baridi zimeharibika, na zikipata joto zimeharibika, na jicho haliwezi kutambua kila mara.

Bei nayo ni mlima. Chanzo chake si tamaa ya wauzaji peke yake. Kila kingamwili hukuzwa katika seli hai ndani ya matangi, ikasafishwa mara kadhaa, na kupimwa kila hatua. Ya shabaha mbili kwa mbinu ya kubadilishana huhitaji kingamwili mbili kamili kabla ya moja kupatikana, kisha kusafishwa tena.

Ushahidi kuwa bei yaweza kushuka upo. Mwaka wa 2025, serikali ya Kenya na kampuni ya Roche zilifikia makubaliano yaliyoshusha gharama ya dozi moja ya Herceptin kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, gharama ambayo ilitwaliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Hiyo ni kingamwili ya shabaha moja, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1998. Iliwachukua wagonjwa wa Kenya zaidi ya robo karne kufika hapo. Swali ni iwapo zile za shabaha mbili nazo zitachukua muda huo.

Malaria ya nyanda za juu

Faida ya elimu hii kwa Gusii haikomei kwa saratani. Kisii na Nyamira zimo katika ukanda wa nyanda za juu ambao hukumbwa na milipuko ya malaria. Kwa kuwa ugonjwa haupo kwa wingi mwaka mzima, wakazi hawajengi kinga imara, na mvua na joto vikizidi huugua watu wa rika zote.

Kingamwili moja iitwayo L9LS, ambayo humshika kimelea wa malaria kabla hajafika kwenye ini, imejaribiwa kwa watoto nchini Mali na Kenya. Matokeo ya Mali yaliyotolewa mwaka wa 2024 yalionyesha kuwa dozi moja ya miligramu 300 iliwakinga watoto dhidi ya kuugua malaria kwa asilimia 77 katika msimu wa miezi sita.

Hiyo bado ni ya shabaha moja. Lakini kimelea ana sura nyingi, na kumfungia milango miwili kwa pamoja ni wazo ambalo watafiti wamelipokea. Mlipuko wa msimu katika nyanda za juu ndio hasa hali ambayo kinga ya miezi michache, inayotolewa kwa sindano moja, ingeweza kufaa.

Nafasi ya maabara za nyumbani

Kiwanda cha kukuza kingamwili kinahitaji mabilioni ya pesa. Kuunganisha kingamwili mbili kwa kemia katika hatua ya utafiti hakuhitaji hivyo. Kunahitaji kingamwili zilizonunuliwa, vitendanishi, mashine ya kutenganisha protini, umeme usiokatika na mwanakemia aliyefunzwa vyema.

Mahitaji hayo hayako nje ya uwezo wa vyuo vikuu vya Kenya, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Mwanafunzi anayejifunza salfa na kaboni katika darasa la kemia ya viumbe hai anajifunza lugha ile ile iliyotumiwa na Nisonoff na Brennan. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha za utafiti na shabaha inayowahusu watu wa nyumbani. Saratani ya umio, ambayo haijawapa kampuni kubwa msukumo mkubwa, ni mojawapo ya shabaha hizo.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa

Kabla ya kugharimika kwa dawa ya kingamwili, iwe ya shabaha moja au mbili, mgonjwa na jamaa zake wanafaa kumuuliza daktari maswali haya:

Je, uvimbe umepimwa na kuthibitishwa kuwa una shabaha ambayo dawa hiyo huishika? Bila shabaha, dawa haina kazi, na pesa zimetupwa.

Je, dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na imetoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa?

Je, imehifadhiwa katika baridi ifaayo safari nzima, na nani anaweza kulithibitisha hilo?

Je, hospitali ina uwezo wa kukabiliana na dhoruba ya saitokini usiku wa manane?

Je, SHA italipa kiasi gani, na ni dozi ngapi zitakazohitajika hadi mwisho wa tiba? Wengi wameuza mali wakapata dozi mbili, kisha wakakwama.

Je, kuna tiba ya zamani na ya bei nafuu yenye matokeo yanayokaribia hayo? Upasuaji uliofanywa mapema, kwa saratani nyingi, bado haujapata mpinzani.